Sega Lisilokatwa

Sogeeni karibu. Anayenyonyesha anyonyeshe huku akisikiliza, anayechambua maharage aendelee kuchambua. Hadithi hii niliipokea ikiwa haina mwisho, nami nitaikabidhi hivyo hivyo. Mwisho mtautia ninyi.

Palikuwa na watu watatu wa nyumba moja. Wa kwanza ni Kalunde, mjane kijana, aliyejaliwa tumbo la kustahimili. Aliweza kushinda bila kula na asimnung'unikie mtu. Wa pili ni wifi yake, Nyamizi, aliyejaliwa mgongo. Mtoto akiwekwa kwenye mgongo ule, hata awe na homa, alinyamaza. Wa tatu ni shemeji yake, Mihayo, mdogo wa marehemu mume wake, naye alijaliwa ulimi. Aliongea na watu. Watu wakichoka aliongea na mbuzi. Mbuzi wakienda malishoni alikiuliza kiatu chake kimeamkaje.

Watu hao watatu walifungua kichwa cha mtoto mmoja, yaani walimzindua akili. Na mtoto huyo alikuwa na sega moja tu la asali la kutoa.

Kijiji chao kilikuwa ndani ya msitu wa miombo, na watu wake waliishi kwa kurina asali. Walitundika mizinga ya magome juu ya miti, wakawangoja nyuki. Kwa sababu hiyo walijua jambo ambalo hata watoto wao walilijua: yai la malkia wa nyuki na yai la nyuki kibarua ni yai moja, halina tofauti hata chembe. Tofauti huja baadaye. Jana, yaani mtoto wa nyuki, akilishwa maziwa mazito ya nyuki mpaka akomae, ndani yake hufunguka milango ya umalkia. Akilishwa haba, milango ile ile hufungwa, naye hutoka kibarua. Ndiyo maana mtoto akizaliwa, watu wa kijiji kile hawakuuliza amefanana na nani. Waliuliza, "Amelelewa na tumbo la namna gani?"

Ukaja mwaka ambao mvua haikunyesha. Miombo haikutoa maua, na nyuki wakahama. Mume wa Kalunde alipanda mti mrefu kutazama mzinga wa zamani, labda lingekuwamo sega lililosahauliwa. Tawi lilikuwa kavu. Waliporudi naye, walirudi wakiwa wamembeba.

Kalunde alikuwa na mimba ambayo bado haijaonekana. Aliyeitambua kwanza ni Kabula, mama mtu mzima, ambaye ndiye aliyekuwa nyapara wa asali, msimamizi wa mambo yote ya mizinga na nyuki. Alimkalisha Kalunde jikoni, akamwonyesha mzizi uliofungwa kwenye jani.

"Chemsha, unywe, itoke," alisema. "Mtoto wa mwaka huu atakuja na njaa yake kichwani. Mimi mama yangu alinibeba mwaka kama huu. Mpaka leo nikisikia sufuria tupu ikigongwa, moyo unaruka kama panzi."

"Lakini uliishi, bibi."

"Niliishi. Sikukwambia nililala."

Kalunde aliupokea ule mzizi kwa mikono miwili kama ilivyo heshima, akaenda nao, akautupa nyuma ya choo.

Basi Kalunde akatoa alichokuwa nacho. Kila kulipokucha alikwenda kwenye bwawa lililokauka, akachimba matope kutafuta mizizi ya yungiyungi. Ilikuwa michungu, nayo ilimvimbisha tumbo, lakini ilikuwa chakula. Akipewa konzi ya mtama, aliitafuna polepole akisema moyoni, "Hii yako, hii yako," kama anayemlisha mtu. Alichokosa mtoto kwenye chakula alikichukua kwenye mifupa ya mama. Wanawake husema kila mtoto jino. Kwa Kalunde, mtoto huyu mmoja aliyachukua meno yake ya mbele karibu yote. Lakini chakula hakikwenda peke yake. Kwenye damu ile ile kilipita na kilio cha mume, na hofu ya kesho, na kule kushtuka kwa kila tawi lililovunjika msituni. Hakuna mama anayeweza kuchuja hayo.

Mtoto alizaliwa akiwa mdogo kama njiwa aliyenyonyolewa. Wakamwita Milembe. Hakulia. Mlango ukigongwa alitetemeka mwili mzima, kisha akakauka kama kijiti. Alikuwa hatazami uso wa mtu. Macho yake yalipita pembeni, kama mgeni anayetafuta mlango wa kutokea.

Na hapa Kalunde akafanya kosa. Alikuwa binti mbichi mwenye kinywa cha bibi kizee, na aliona aibu. Alipokuwa na watu alijifunika mdomo kwa upande wa kitenge; alipokuwa peke yake na mwanawe alijifunika pia, kwa mazoea. Milembe aliponyonya yale matone machache yaliyokuwapo, juu yake aliona kitambaa na macho mawili yenye huzuni. Hakuuona mdomo ukicheka. Naye, hebu niambieni, angejifunza kwa nani kucheka?

Maziwa yakakauka. Kisha kikamjia Kalunde kitu ambacho hakuwa na jina lake. Alikaa akiutazama ukuta. Alimsikia mtoto akikwaruza mkeka kwa vidole, akajua anapaswa kunyoosha mkono, na mkono ukakataa kunyooka. Alimwogopa mtoto wake mwenyewe. Hilo hakumwambia mtu.

Siku hizo hizo Nyamizi alirudi kwao kuomboleza. Alikuwa ameolewa kijiji cha mbali, na mtoto wake mchanga alikuwa amezikwa mwezi ule ule. Kifua chake bado kilikuwa kimejaa, na nguo yake imelowa. Aliingia, akamwona Kalunde ukutani, akamwona mtoto mkekani.

"Wifi, huyu mbona umemweka kama mzigo wa kuni?"

Kalunde aliendelea kuutazama ukuta.

"Nipe huyo. Mimi nina maziwa hayana mwenyewe."

Basi Nyamizi akatoa alichokuwa nacho. Alimnyonyesha Milembe, akamkanda kwa mafuta ya karanga kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, akamfunga mgongoni, ngozi kwa ngozi. Alipotwanga, mtoto alisikia moyo ukitwanga pamoja naye. Alipoteka maji, mtoto aliinama na kuinuka naye. Mwanzoni Milembe alikauka mgongoni kama ubao. Akakaa hivyo siku nyingi. Halafu asubuhi moja, Nyamizi akipeta mtama, alihisi shavu dogo likilegea na kulala kwenye bega lake. Alisimama hapo hapo na ungo mkononi, akaogopa hata kukohoa.

Mume wake akaja kumfuata. Alisimama uani, hakutaka hata kukaa.

"Mwanamke, mtoto wetu tumemzika. Huyu unayemnyonyesha ni wa nani?"

"Ni wa kaka yangu."

"Na wa kwangu utamzaa lini, ukiwa unanyonyesha mizimu ya kaka yako?"

"Nipe muda amalize kunyonya."

"Muda unao," alisema yule mwanamume. "Mume huna."

Akaondoka, akaoa mwingine. Nyamizi hakuzaa tena.

Milembe alipoanza kutembea, kikaanza kifafa. Dalili yake ilikuwa ndogo: kidole gumba cha mkono wa kushoto kilicheza chenyewe, kama mtu anayehesabu punje. Kisha macho yaligeuka, naye alianguka chini akitoka povu. Na katika kijiji kile, kama vilivyo vijiji vingi, watu waliamini kwamba ugonjwa ule unapita kwenye povu. Mtu akianguka, hata awe mama yako, unasimama mbali mpaka amalize. Anayegusa povu naye anahesabiwa mgonjwa.

Siku moja Milembe alianguka karibu na moto ambao wanaume walikuwa wakiuota. Watu wakarudi nyuma. Kalunde alikuwa kisimani, na Nyamizi alikuwa shambani. Mihayo alikuwa hapo, anawachosha watu kwa habari ya ndoto yake.

Basi Mihayo akatoa alichokuwa nacho. Alitia mkono motoni, akakishika kichwa cha mtoto kabla hakijafika kwenye makaa, akakipakata mapajani mpaka mwili ulipotulia, povu likimtiririkia kwenye vidole vilivyoungua. Vidole vile vilipona vikiwa vimekunjamana kama mizizi ya tangawizi. Mrina asali asiyeweza kushika kamba hapandi mti. Na tangu siku hiyo hakuna aliyekula naye bakuli moja. Alipokaribia wanaume wakila, mmoja wao alichukua sahani, akampakulia pembeni, akaisukuma kwa fimbo.

"Afadhali," alisema Mihayo. "Mlikuwa mnanimalizia mboga."

Akawa anakula na Milembe, nyuma ya ghala, kwenye bakuli moja. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyemsikiliza, maneno yake yote aliyamwaga kwa mtoto yule. "Huu ni ugali, bibie. Huu ulimi wangu unauita ugali, wako unauitaje? Haya, usiseme, wewe ni mtu wa siri. Yule ni kuku. Anadhani ni chifu. Yule kule ni mama yako, amejifunika mdomo, anadhani hatujui kwamba ni mzuri." Aliongea naye msimu wa kiangazi na msimu wa masika, naye mtoto hakujibu hata neno moja. Lakini macho yake yaliacha kupita pembeni. Yalianza kukaa kwenye midomo ya baba yake mdogo.

Kalunde aliyaona yote hayo akiwa mlangoni. Polepole ule ukuta ulimwachia. Alianza kuchota maji ya kumwogesha mtoto, kumshonea nguo, kumlaza. Lakini alifika kama anayefika msibani baada ya mazishi: kila kazi ilikuwa na mwenyewe tayari. Jioni moja, jua likiwa bado lipo, Milembe alifungua kinywa akasema, "Mama." Wanawake wawili waliitika. Walitazamana, kila mmoja akainamia kazi yake, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeitwa.

Miaka ikapita. Mvua ilirudi, lakini nyuki hawakurudi. Mizinga ilining'inia mitupu. Watu walikula mtama wao wa kubahatisha, wakaanza kuzungumza juu ya kuhama.

Milembe alikuwa amekua msichana mwembamba wa maneno machache. Yale masikio yake, yaliyoshtukia kila mlango tangu tumboni, hayakupoa kamwe. Mchana mmoja alisimama katikati ya uwanja, akainua mkono.

"Nyuki," alisema.

Watu wakasikiliza. Hakukuwa na kitu.

"Kichwa kimeanza tena," alisema mmoja.

"Twendeni," alisema Mihayo. "Mtoto huyu hajawahi kunidanganya. Kusema kwenyewe amesema mara ngapi?"

Kalunde, Nyamizi na Mihayo walimfuata msituni, yeye akienda mbele, akisimama, akigeuza sikio. Walitembea mpaka jua likaanza kuinama. Na hapo, kwenye tawi la mninga, lilikuwapo kundi la nyuki limening'inia kama ndevu za mzee. Kalunde aliwasha moshi. Nyamizi alibeba mzinga wa marehemu kaka yake mgongoni. Mihayo, asiyeweza kupanda tena, alimwelekeza Milembe kwa maneno: mguu hapa, mkono pale, usivute pumzi kwa nguvu. Nyuki wakaingia. Baada ya muda waligawanyika, wakaja na wengine, na mizinga ya kijiji ikaanza kuvuma.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mtoto akipata mzinga wake wa kwanza, sega la kwanza huitwa sega la kichwa. Juu lina asali, chini lina majana. Mtoto hulitoa zima kwa mtu mmoja: yule aliyemfungulia kichwa. Anayelipokea ndiye mzazi wake mbele ya kijiji. Mtoto atalala kwake, atamtunza uzeeni, atamzika. Wengine wote waliomlea huosha mikono kwenye beseni moja, na tangu hapo hawamwiti tena "mwanangu." Na sega la kichwa halikatwi. Waliamini kwamba ukikata sega lenye majana, nyuki wataona watoto wao wamegawanywa, na watahama. Msiniulize kama ni kweli. Nyuki walikuwa wameshahama mara moja, na hakuna aliyetaka kujaribu.

Kwa kawaida jambo hilo lilikwisha kabla chai haijapoa: mtoto alimpa mama yake, watu wakapiga vigelegele. Lakini asubuhi ya sega la Milembe, alipoletwa uwanjani nalo kwenye viganja, watu walikuwa wakibishana tangu mapema.

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea!" walisema waliokuwa upande wa Nyamizi.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!" walijibu wa upande wa Kalunde.

"Na aliyetia mkono motoni?" aliuliza mzee mmoja. "Huyo hana methali?"

Kabula alinyanyua fimbo yake, wakanyamaza. "Kabla ya kupokea, mjue mnapokea nini," alisema. "Kifafa kimepungua, hakijaondoka. Atakayelipokea sega atakipokea nacho. Na siku Milembe atakapobeba mimba, njaa ile inaweza kuwa bado iko ndani yake, inamngoja mjukuu. Atahitaji mtu wa kumtuliza ili isipite. Mimi mama yangu alikufa mapema, sikuwa na mtu. Wanangu wote wanashtuka usingizini." Akaishusha fimbo. "Haya. Semeni."

Nyamizi alisema, "Mimi nina neno moja. Nikiosha mikono leo, mgongo huu utambeba nani?"

Mihayo alisimama, na watu wakajiandaa kwa hotuba ndefu. "Hakuna anayekula nami bakuli moja ila yeye," alisema. "Akienda, nitakula na kiatu."

Wachache walicheka. Kisha wakaona kwamba yeye hacheki.

Ikafika zamu ya Kalunde. Alisema kitenge kikiwa mdomoni, na watu wa nyuma walilazimika kusogea. "Mimi nilimfungia kabla sijamfungulia. Hofu yangu aliinywa tumboni, na alipozaliwa nilimnyima uso wangu. Wifi na shemeji walifungua milango niliyoifunga. Sikatai." Akawageukia watu. "Lakini kama nisingechimba ile mizizi, leo mngekuwa mnagombania kichwa cha nani?"

Jua lilikuwa limepanda. Nta ilianza kulainika, na asali ikatiririka kwenye viwiko vya Milembe mpaka mavumbini.

"Mwanangu," alisema Kabula, "mpe. Na ninyi watatu, atakayegusa sega au mtoto kabla halijatolewa, ameshindwa."

Milembe aliwatazama. Mihayo alifunga kinywa, akauficha nyuma ule mkono ulioungua, Milembe asije akamwonea huruma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumwona Mihayo akiwa kimya. Nyamizi alijikuta ameinama, magoti yamekunjika, mgongo umetulia, kama alivyoinama kila asubuhi kumpandisha. Hakujua kwamba ameinama.

Na Kalunde alikishusha kitenge. Mbele ya kijiji kizima, na kile kinywa chake kisicho na meno ya mbele, akamchekea mwanawe.

Macho ya Milembe yalikwenda kwenye kinywa kile. Yakaenda kwenye mgongo. Yakaenda kwenye ulimi ulionyamaza. Alipiga hatua moja mbele, na hatua hiyo haikuelekea kwa yeyote, kwa sababu watatu wale walikuwa wamesimama pamoja.

Hapo ndipo Kalunde alipoona. Wifi yake aliona pia, na shemeji yake. Kijiji kizima hakikuona, ila wao watatu, kwa kuwa ni wao tu waliokuwa wakiitafuta dalili ile kila siku ya maisha yao. Akianguka, sega litavunjika na nyuki watahama. Mmoja wao akikimbia kumshika, huyo amempoteza. Lazima alitoe sasa hivi, naye anawatazama, anangoja kuambiwa.

Tumbo lililomfanya awepo, mgongo uliomtuliza, au ulimi uliomwita atoke? Wewe uliyekaa hapo na maharage mapajani, ungemwelekeza kwa nani?

Amua upesi. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kimeanza kucheza.